Paa na Mlango: Mashindano ya Tenisi ya Rotterdam

Mchezo wa tenisi ulizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ulizaliwa chini ya paa, katika kumbi za wafalme na mabwana wa Ufaransa na Uingereza. Mara ya pili ulizaliwa katika miaka ya 1870, juu ya nyasi za bustani za Waingereza, na tangu hapo mvua na upepo vikawa washiriki wa mchezo bila ya kualikwa. Nchi za kaskazini ya Ulaya, ambako majira ya baridi huchukua theluthi ya mwaka au zaidi, hazikuweza kustahimili wageni hao. Ndipo mchezo ukarudishwa ndani. Paa liliondoa mvua, likatuliza upepo, likawapa wachezaji wote hewa moja na mwanga mmoja. Lakini kila nyumba yenye paa ina mlango, na mlango huzusha swali ambalo uwanja wa wazi huweza kulificha: nani ataingia, na nani ataachwa nje? Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Historia ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa yafanywayo Rotterdam, katika nchi ya Uholanzi, ni maelezo marefu ya methali hiyo.

Rotterdam ni mji wa bandari, nao wajua maana ya kukosa paa. Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliangusha mabomu juu yake, moto ukateketeza moyo wa mji, na watu wapatao 80,000 wakabaki bila ya makazi. Vita vilipokwisha, Waholanzi walianza na bandari, maana bandari ndiyo iliyokuwa kinywa cha mji. Mwaka 1950 wakafanya maonyesho makubwa ya kushangilia kujengwa upya kwa bandari hiyo, wakayaita kwa neno la mabaharia waitanapo kutoka chombo kimoja hata kingine: Ahoy. Ukumbi wa maonyesho ukabaki na jina hilo. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, bahari ilivunja kingo za kusini magharibi ya Uholanzi, ikaua watu 1,836. Walionusurika walihitaji mahali pakavu pa kulala, na ukumbi wa Ahoy ukawapokea. Hivyo, kabla jina hilo halijahusishwa na raketi na mipira, lilikwisha kuwa jina la hifadhi.

Ukumbi mpya wenye jina lilo hilo ulifunguliwa kusini ya mji mwaka 1971, na mwaka uliofuata tenisi ikaingia. Huo ulikuwa wakati wa mvutano mkubwa katika mchezo. Kwa miaka mingi wakuu wa tenisi walikuwa wamewagawa wachezaji mafungu mawili: wale wa ridhaa, waliodaiwa kucheza kwa ajili ya mapenzi tu, na wale wa kulipwa, waliofungiwa milango ya Wimbledon na ya mashindano mengine makuu kana kwamba ujira ni aibu. Watu wa ridhaa wenyewe aghalabu walipokea fedha kwa siri. Unafiki huo ulivunjwa mwaka 1968, milango ilipofunguliwa kwa mafungu yote mawili. Hata hivyo ugomvi haukwisha. Kampuni ya World Championship Tennis, iliyoongozwa na tajiri wa Texas, Lamar Hunt, ilikuwa imewaajiri wachezaji wengi hodari, na wakuu wa mchezo wakawazuia watu wake katika mashindano yao. Hata Wimbledon ya mwaka 1972 ikachezwa bila ya wengi wao. Kampuni hiyo ndiyo iliyoyaweka mashindano ya Rotterdam katika ratiba yake. Basi mashindano hayo yalizaliwa upande wa wale waliofungiwa nje.

Mshindi wa kwanza alikuwa mtu aliyejua maana ya mlango uliofungwa kuliko wenzake wote. Arthur Ashe alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, nchini Marekani, ambako sheria ilimtenga mtu mweusi tangu shuleni hata kaburini. Baba yake alikuwa mlinzi wa bustani ya michezo ya watu weusi, na humo ndimo mtoto alimojifunza kushika raketi. Wakati wa joto aliweza kucheza katika viwanja vya bustani ile; lakini baridi ilipoingia, viwanja vya ndani vya Richmond vilikuwa vya watu weupe peke yao. Kwa hiyo kijana yule, alipofikia mwaka wake wa mwisho wa masomo ya sekondari, aliuhama mji wa kwao akaenda St. Louis, akapokewa nyumbani kwa mwalimu mmoja, ili apate kucheza chini ya paa. Wapo watu walioihama nchi kwa ajili ya mkate au kwa ajili ya roho zao. Ashe aliuhama mji kwa ajili ya sakafu kavu.

Katika fainali ya Rotterdam ya mwaka 1972 alikutana na Tom Okker, Mholanzi mwepesi wa miguu, kipenzi cha watazamaji. Wawili hao walikuwa na hesabu ya zamani. Mwaka 1968 walikuwa wamekutana katika fainali ya mashindano makuu ya Marekani huko New York. Ashe alishinda; lakini kwa kuwa alikuwa bado ni mchezaji wa ridhaa, na afisa wa jeshi, hakuruhusiwa kupokea zawadi. Dola 14,000 zilichukuliwa na Okker aliyeshindwa, na Ashe akapewa posho ya dola 20 kwa siku. Hakuna hoja iliyodhihirisha upuuzi wa sheria ile ya zamani kuliko malipo ya siku hiyo. Rotterdam, miaka minne baadaye, wote wawili walikuwa watu wa kulipwa, wakisimama juu ya sakafu moja kwa masharti yale yale. Ashe alishinda tena, na safari hii mshindi alilipwa kama mshindi.

Mwaka 1973 mashindano hayakufanywa. Mwishoni mwa mwaka huo Ashe na Okker walionekana pamoja mahali pengine, na safari hii upande mmoja wa wavu. Afrika ya Kusini, iliyokuwa imemnyima Ashe ruhusa ya kuingia kwa sababu ya rangi yake, ilimfungulia. Naye akaweka sharti kwamba watazamaji wa Johannesburg wasikalishwe kwa kutengwa. Wengi walimlaumu kwa kwenda, wakisema kwamba mgeni aliyeingia kwa hisani huwapamba wenyeji wabaya. Wengine waliona kwamba mtoto mweusi aliyemwona akicheza mbele ya watu weupe hatausahau ushahidi wa macho yake. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Lililo hakika ni kwamba Mmarekani mweusi na Mholanzi mweupe, mahasimu wa New York na Rotterdam, walishinda pamoja mchezo wa wawili wawili katika nchi iliyokuwa imefanya utengano kuwa sheria.

Okker alipata taji la Rotterdam mwaka 1974, akawa Mholanzi wa kwanza kulitwaa. Ashe alirudi akalichukua mwaka 1975, akimshinda Okker kwa mara nyingine, na katika mwaka huo huo akashinda Wimbledon; tena akalichukua mwaka 1976. Baada yake wakaja Jimmy Connors, Björn Borg na Guillermo Vilas, na jina la Rotterdam likakaa imara katika kalenda ya tenisi.

Yafaa kuieleza sakafu yenyewe, kwa kuwa sakafu ni nusu ya mchezo. Miaka ya mwanzo wachezaji walicheza juu ya zulia lililotandazwa ukumbini. Zulia hilo lilikuwa jepesi kuondolewa pale ukumbi ulipotakiwa kwa muziki au maonyesho. Lakini mpira ulipoliangukia uliteleza chini chini na kwa kasi, na mwenye pigo kali la kuanzia alipata faida kubwa mno. Baadaye ikaja sakafu ngumu: msingi wa mbao, na juu yake matabaka ya rangi iliyochanganywa na mchanga mwembamba. Siri imo katika mchanga huo. Ukiwa mwingi na wa kukwaruza, mpira hushikwa kidogo, huinuka, na mpokeaji hupata nafasi ya kujibu. Ukiwa haba, mpira hukimbia. Kuanzia mwaka 2009 mashindano ya daraja ya juu ya wanaume yaliacha zulia kabisa, na sakafu ngumu ikatawala. Kwa njia hiyo fundi wa rangi amekuwa mwamuzi wa kwanza wa kila pambano, ijapokuwa jina lake halitangazwi.

Paa huzuia mvua, walakini halizuii hofu. Mwezi wa Machi 1984 Ivan Lendl na Jimmy Connors walikuwa katika fainali. Lendl alikuwa amekwisha kuchukua seti ya kwanza kwa 6-0, na ya pili alikuwa akiongoza kwa 1-0, mtu asiyejulikana alipowapigia polisi simu akidai kuwa bomu limetegwa ukumbini. Maelfu ya watazamaji wakatolewa nje. Ukumbi ukapekuliwa, na bomu halikuonekana. Wasimamizi walitaka mchezo uendelee, lakini Lendl hakuwa tayari kurudi. Fainali hiyo haikumalizika kamwe, na katika orodha ya washindi mwaka 1984 umebaki bila ya mwenyewe. Katika mji ambao wazee wake waliwahi kuona mabomu ya kweli, sauti ya mtu mmoja ilitosha kuliondoa taji. Hapo palidhihirika kwamba kinachowaweka watu pamoja chini ya paa si chuma wala saruji, bali ni kuaminiana. Nako kuaminiana kukivunjika, hata ukumbi mzima ni uwanja mtupu.

Mwaka uliofuata watu walirudi, na mashindano yakaendelea. Mwaka 1995 taji lilitwaliwa na Richard Krajicek, na mwaka 1997 akalitwaa tena. Huyu alizaliwa Rotterdam penyewe, mwaka 1971, mwaka ule ule ukumbi mpya ulipofunguliwa, kwa wazazi waliohamia kutoka Czechoslovakia. Mtoto wa wahamiaji akawa fahari ya wenyeji. Mwaka 1996 akawa Mholanzi wa kwanza kushinda Wimbledon kwa wanaume mmoja mmoja. Alipoacha kucheza hakuyaacha mashindano ya mji aliozaliwa, bali tangu mwaka 2004 amekuwa mkurugenzi wake. Tena aliunda taasisi yenye kutengeneza viwanja vya michezo katika mitaa ya wanyonge ya miji ya Uholanzi, ili mtoto asiye na ada ya klabu asikose mahali pa kuchezea.

Kazi moja ya mkurugenzi ni kutoa nafasi za mwaliko kwa wasiostahili bado kwa hesabu ya pointi. Mwaka 1999, kabla ya wakati wa Krajicek katika cheo hicho, nafasi ya namna hiyo alipewa kijana wa Uswisi wa miaka 17, Roger Federer, naye akafika robo fainali. Mwaka 2018 aliomba kuja tena, akiwa na miaka 36. Aliposhinda robo fainali dhidi ya Mholanzi Robin Haase alihakikishiwa kurudi nafasi ya kwanza duniani, naye akawa mtu mzima kuliko wote waliowahi kuikalia tangu orodha hiyo ianzishwe mwaka 1973. Sifa hiyo ilikuja kupitwa na Novak Djokovic mwaka 2024. Federer alimaliza juma lile kwa taji lake la tatu la Rotterdam. Mlango uliofunguliwa kwa kijana asiyejulikana ulimlipa mji fadhila baada ya miaka 19.

Maradhi ya korona yalipoienea dunia mwaka 2020, ukumbi wa Ahoy uliandaliwa kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa, kama vile ule wa kwanza ulivyowapokea waliokimbia maji mwaka 1953. Mashindano ya mwaka 2021 yalichezwa mwezi wa Machi mbele ya viti vitupu. Andrey Rublev alishinda, na pigo la mpira likasikika likirudi kutoka ukutani bila ya makofi ya kuliitikia. Miaka iliyofuata watazamaji wakarejea. Mwaka 2024 Jannik Sinner alitwaa taji, na mwaka 2025 Carlos Alcaraz.

Mashindano haya si makubwa kuliko yote katika tenisi, wala hayana nyasi za kifalme wala umri wa karne. Pamoja na hayo, mtu wa kwanza kuandikwa katika orodha ya washindi wake alikuwa kijana aliyekataliwa kuingia katika viwanja vya ndani vya mji wa kwao. Wenye kujenga kumbi, popote walipo, huhesabu kwanza gharama ya paa. Gharama ya mlango ni ndogo zaidi, lakini hiyo ndiyo ambayo vizazi vijavyo huidai.