Toleka, moto, na kesho pikapu ya umeme?

Pikapu ya umeme ikifika Kisangani, nani atainunua? Historia ya mji inatoa jibu. Vita ilipoanza mwaka 1998, boti za kutoka Kinshasa zilikatika, esansi ikakosekana, magari yakalala. Baiskeli za toleka ndizo zilibeba watu, mihogo na makaa. Esansi iliporudi, pikipiki zikashika barabara.

Hapa chombo kinapata soko kikipata cha kukiendesha. Bwawa la Tshopo linatoa umeme tangu miaka ya 1950, lakini mashine zake zimezeeka na mitaa mingi inalala gizani. Umeme ukitengenezwa kwanza, pikapu itapata wanunuzi. Bila hiyo, familia zilizokimbia mapigano ya Lubunga mwaka 2023 zitaendelea kusukuma mizigo yao kwa baiskeli.