Siti: Jina la Bibi

Binti yangu alipozaliwa mwaka jana, jina lake nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelificha moyoni miezi yote ya mimba na sikudhani hata kidogo kwamba lingehitaji kutetewa. Siku ya tatu wakaja ukweni kumtazama mtoto. Mama mkwe alikuja na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, na orodha ya majina kwenye simu. Nikamwahi: "Ataitwa Siti, jina la bibi yangu."

Pakawa kimya. Kisha shangazi yake mume wangu akasema taratibu, kama anayempoza mgonjwa: "Mwanangu, hilo si jina la bibi hilo?" Shemeji yangu mdogo, yuko kidato cha pili, akamalizia: "Shuleni watamwita Siti ya Dirishani."

Tukacheka wote, hata mimi. Nani asiyezijua siti za daladala? Siti ya mbele kwa dereva, siti ya dirishani, siti ya nyuma inayorusha watu kwenye matuta. Neno hilo limetoka Uingereza, jina la bibi yangu limetoka Uarabuni, na hayana undugu wowote. Yamekutana tu barabarani. Lakini mtoto wa darasa la tatu haulizwi asili ya maneno, anataniwa tu.

Zilibaki siku nne kufika akika. Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, na nikishindwa kubishana huwa nakimbilia kusoma, nikaanza kulichimba jina lenyewe huku mtoto kalala kifuani.

Tuanze na asili. Siti ni namna ya mazungumzo ya Waarabu ya kusema "bibi yangu", kwa maana ya bibi mwenye heshima zake. Wengi wanaona limefupishwa kutoka sayyidati. Wako waliolifasiri kwa namna tamu zaidi: kwamba anayemwita mwanamke "sitti" anamwambia yeye ndiye pande zake zote sita, yaani mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Hiyo sita ndiyo hii hii sita yetu ya kuhesabia. Firuzabadi, mtunzi wa kamusi aliyefariki mwaka 1415, anaitaja fasiri hiyo, ingawa naye anaegemea kwenye sayyidati. Mimi naipenda ile ya pande sita, hata kama si sahihi.

Kwa hiyo Siti halikuanza kama jina. Lilikuwa cheo. Kule Misri, Sitt al-Mulk, dada yake khalifa al-Hakim, ndiye aliyeshika hatamu za dola ya Wafatimi kaka yake alipotoweka mwaka 1021. Miaka mia tisa baadaye Wamisri walimwita mwimbaji Umm Kulthum "al-Sitt" tu, bila kuongeza kitu, na kila mtu akajua ni nani. Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, Malaysia na Indonesia, Siti hutangulia majina ya wanawake Waislamu wasio na idadi. Mwanamuziki Siti Nurhaliza ni mmoja wao.

Sisi wa pwani tunaujua mtindo huo wa cheo kugeuka jina. "Mwana" lilikuwa neno la kumtukuza bibi wa nyumba kubwa. Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, alilibeba kama cheo. Leo limegandamana na majina mengine likawa silabi tu: Mwanaisha, Mwanahamisi, Mwanaidi. Hakuna anayesimama kwa heshima akisikia Mwanahamisi anaitwa dukani.

Siti lingeweza kuishia hivyo hivyo, jina la mabibi wa Kiarabu wa Mji Mkongwe, kama si mwanamke mmoja wa Fumba.

Alizaliwa karibu mwaka 1880, kusini mwa Unguja, katika familia ya watu wenye asili ya bara. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria hadi 1897. Katikati ya miaka hiyo miwili wazazi walipata mtoto wa kike, na jina lake likawa Mtumwa.

Tulitazame na hilo. Kisarufi ni neno lisilo na kosa: ni mtu aliyetumwa. Mtume naye ametoka kwenye kitenzi hicho hicho. Tena wanaume wangapi wanaitwa Abdallah na hawaoni haya, wakati maana yake ni mtumwa wa Mungu? Tofauti ni kwamba Abdallah anamtaja mwenye naye. Mtumwa, likisimama peke yake kisiwani Unguja mwaka 1880, linakuacha ujiulize ni wa nani. Si kila aliyeitwa hivyo alikuwa mtumwa. Lakini kila aliyelisikia alijua neno hilo linanusa nini.

Mtumwa binti Saad alitembea akiuza vyungu, akiita wateja kwa sauti iliyofika mbali kuliko vyungu vyenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba na muziki, na watu wakaanza kumwita Siti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa ikasikika kwa Kiswahili kwenye mabaraza na mikahawa, Lamu, Mombasa, Tanga, Bagamoyo.

Si wote waliofurahi. Walikuwepo waliomtungia beti za kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini na kuuliza amekuwa mtu lini. Swali hilo, ukilitafakari, linahusu jina. Siti ni "bibi yangu". Mjukuu wa watu wa bara, muuza vyungu, amekuwa bibi wa nani? Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si hoja, mtu anapungua kwa kukosa akili.

Zama hizo wanawake wengi wa Unguja waliotoka utumwani walikuwa wakiacha kaniki na kuvaa kanga, kisha buibui, vazi ambalo kabla ya hapo lilikuwa la mabibi waliowamiliki. Jina nalo ni vazi. Siti binti Saad alivua moja akavaa jingine. Ila linganisheni: alibadilisha la kwanza, la pili akaliacha. Hakujitafutia baba mwingine mwenye ukoo mkubwa. Alibaki binti Saad mpaka alipofariki mwaka 1950, na ndivyo Shaaban Robert alivyomwandika katika Wasifu wa Siti binti Saad.

Fatuma binti Baraka, aliyepita njia hiyo hiyo baada yake, alikwenda kinyume. Alikuwa na jina zuri la binti wa Mtume, dunia ikamjua kwa Bi Kidude, kitu kidogo tu. Akakifanya kidude hicho kuwa kikubwa hadi alipotutoka mwaka 2013. Mmoja alipanda kwa jina, mwingine alipanda akiwa na jina la kushukia. Ndiyo maana siamini sana wanaosema jina humjenga mtu.

Hapo ndipo nilipompigia mama simu. Bibi yangu alizaliwa Tanga miaka ya thelathini, wakati santuri zile zinazunguka pwani. Nilitaka mama anithibitishie kwamba alipewa jina la mwimbaji. "Ndiyo," akasema, "babu yangu alikuwa na wazimu wa gramafoni." Nikauliza, kwa kupitisha maneno tu, mama yake bibi aliitwa nani kwa jina kamili, maana kwenye khitma tunamsomea kwa jina la Mwantumu.

Mama akanyamaza nikadhani mtandao umekatika.

"Hakuwa Mwantumu," akasema. "Alikuwa Mtumwa."

Yaani miaka yote hiyo tumemwombea marehemu kwa jina la kuazima. Ndugu walichukua jina linalokaribiana kwa sauti, wakalivuta kidogo, likakaa. Sikasiriki nao. Walikuwa na mabinti wa kuoza na majirani wa kuishi nao, na pwani yetu swali la "wewe wa nani?" halikuwahi kuwa dogo. Lakini nikaelewa jambo ambalo bibi yangu hakuwahi kulisema: baba yake hakupenda muziki tu. Mtu ambaye mkewe anaitwa Mtumwa alisikia kwamba Mtumwa mwingine ameitwa Siti, akampa mwanawe jina hilo.

Sasa turudi kwa shangazi. Ana haki. Darasani kwetu Dar miaka ya tisini hapakuwa na Siti hata mmoja, na msibani kwa bibi yangu Siti wote niliosalimiana nao walikuwa na mvi. Majina ya watoto siku hizi yanatoka kwenye simu. Wazazi wanatafuta yaliyotajwa kwenye Kurani, au yenye mlio wa tamthilia za Kituruki. Siti halimo katika Kurani na mlio wake ni mfupi, wa jikoni. Hata hivyo halijafa. Waandishi wanawake wa Tanzania, TAMWA, walilipa jarida lao jina la Sauti ya Siti. Kitukuu wa Siti mwenyewe, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za ukoo wake mwaka 2020. Kwa wasanii linaishi. Kwenye kadi za kliniki ndiko limepungua.

Na kuna kitu shangazi alikisema bila kujua. Palestina na Lebanoni, mtoto akiita "sitti" anamwita bibi yake, mama wa mama au wa baba. Nasi "bibi" letu limesafiri hivyo hivyo, kutoka heshima ya mwanamke hadi mzazi wa mzazi. Kwa hiyo ndiyo, shangazi, ni jina la bibi. Halijawahi kuwa kitu kingine.

Siku ya saba nilimsimulia mama mkwe habari ya Mwantumu na Mtumwa. Nilidhani atashtuka. Aliendelea kukuna nazi, kisha akasema kwao pia kuna jina halitajwi. Hakuniambia ni lipi, wala sikumwuliza.

Mtoto anaitwa Siti. Shemeji anamwita Dirishani, na mwenyewe akisikia anacheka. Khitma ya mwaka huu mama aliandika orodha ya marehemu kwa mkono wake kama kawaida. Mstari wa nne ulikuwa na neno lililokatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa jina la mzee wetu, kwa herufi kubwa ili msomaji asikosee.