Mizigo ya Mjini Bila Moshi: Karungu Ina la Kutufunza

Ukitajiwa usafirishaji wa mizigo Mombasa, jambo la kwanza kukujia ni malori ya bandarini. Lakini upo mzigo mwingine, mdogo na usiokatika: tenga la samaki, gunia la viazi kutoka Kongowea, mtungi wa gesi, chakula kilichoagizwa kwa simu. Huu hubebwa na bodaboda, tuktuk, pikapu na mkokoteni wa hamali, kutoka sokoni hadi mlangoni. Makala haya yaeleza jinsi ya kuupeleka kwa mafuta kidogo na moshi kidogo, bila kumkata mbebaji riziki yake. Mfano wetu mkuu hauko baharini, uko ziwani.

Karungu na mzigo usiosubiri

Karungu ni ghuba ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay, na mji wake ni Sori. Mashua huleta samaki kutoka ziwani na visiwani kama Migingo, kisha samaki hao husafiri kwa barabara hadi masoko ya Migori, Kisii na kwingineko. Mbuta na omena ni mzigo usio na subira. Barafu ikiyeyuka njiani, au pikipiki ikikosa mafuta, hasara ni ya mchuuzi, na mara nyingi mchuuzi huyo ni mwanamke aliyechukua mali kwa mkopo asubuhi.

Ukanda huu wa ziwa ulianza safari ya umeme kwa njia ambayo wengi hawangeitarajia: kwa taa. Wavuvi wa omena huvua usiku, na kwa miaka mingi walitumia karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola Mbita, Homa Bay, ambako wavuvi walikodi taa za betri na kuzirudisha kuchajiwa. Baadaye kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa na wakfu wa Siemens Stiftung, iliendeleza vituo vya aina hiyo kandokando ya ziwa, ikaongeza maji safi na pikipiki za umeme.

Angalia mpangilio huo. Kituo kilitangulia, tena kikawekwa pale penye kazi, ufukweni. Taa, maji na pikipiki vyote vyategemea paa moja la sola. Biashara moja ikilegea, nyingine hubeba gharama.

Hesabu ya mwendeshaji

Mwendeshaji hanunui pikipiki kwa sababu ya hali ya hewa ya dunia. Hununua kwa sababu ya kile kinachobaki mfukoni jioni. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo: shilingi 16 kwa uniti moja saa za kawaida, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni machache, kabla ya kodi na tozo. Betri ya pikipiki ya uniti 3 basi yahitaji umeme wa shilingi 48, au 24 ukichaji usiku. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwa jotoardhi, maji na upepo, moshi haujahamishwa tu kutoka barabarani kwenda kwingine.

Lakini mwendeshaji halipi bei hiyo. Akibadilisha betri kituoni, hulipa pia kodi ya betri, gharama ya kituo na faida ya mwenye kampuni. Tena betri ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Kituo kikiwa mbali, au kampuni ikifunga, mwendeshaji hubaki na chuma kisichotembea. Hapo ndipo penye hatari.

Chombo peke yake hakitoshi

Pikipiki kumi za umeme zikienda mtaa mmoja, kila moja na kifurushi kimoja, msongamano ni uleule. Kwa hivyo yafaa kuongeza mambo matatu.

La kwanza ni kukusanya mzigo. Bidhaa za mtaa mmoja ziende kwa safari moja, kutoka ghala dogo lililo karibu. Kwa samaki, hii yamaanisha chumba cha barafu palepale wanaposhukia.

La pili ni kuchagua saa. Mzigo wa sokoni ukiingia alfajiri, haugombanii njia na magari ya shule na ya kazini.

La tatu ni kutumia chombo kinachofaa mahali. Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, tangu 2010 mashua ya umeme hupitia mifereji kupelekea mikahawa bidhaa, maana vichochoro vya huko havimudu malori. Lamu yalijua hayo zamani: punda na mashua ndio walioujenga mji huo, na tangu 1987 ipo zahanati ya kuwatibu punda wake.

Kwetu Pwani

Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme hapahapa Mombasa. Uzinduzi ni mwanzo, lakini wa ziwani walianza na kituo. Vituo vya betri vyafaa viwe Kongowea, Marikiti, Likoni penye feri na kwenye mialo ya samaki. Na kituo kimoja kifanye kazi zaidi ya moja: kichaji pikipiki mchana, taa za wavuvi jioni, na kugandisha barafu jua linapowaka.

Kaunti inaweza kutoa kiwanja na kuweka sharti kwamba betri za kampuni tofauti zihudumiwe mahali pamoja. Vyama vya bodaboda navyo viulize swali moja kabla ya mwanachama kutia sahihi ya mkopo: kampuni hii ikiondoka kesho, betri nitaipata wapi? Asiyekuwa na jibu la swali hilo asiuziwe mtu pikipiki.