Maelekezo ya kazi

Maelekezo ya kazi (pia: maagizo ya kazi) ni maneno, maandishi au alama anazopewa mfanyakazi ili ajue afanye nini, kwa utaratibu gani na wakati gani. Hutolewa kwa mdomo, kama msimamizi anapogawa kazi mwanzoni mwa zamu, au kwa maandishi, kama bango, fomu na ratiba.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Asiyeyaelewa anapaswa kuelezwa kwa namna anayoielewa. Sahihi au dole gumba peke yake si ushahidi kwamba ameelewa.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wengi walizungumza lugha nyingine kabla ya Kiswahili, kama vile Kihangaza na Kishubi. Saa nazo huleta utata: ratiba ikiandikwa 08:00, asiyezoea huisoma saa nane mchana, kumbe ni saa mbili asubuhi. Tena mtu akiulizwa na mkubwa wake "Umeelewa?", hujibu "Ndiyo" kwa heshima tu. Ni afadhali aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya.

Uzito wa jambo hili ulionekana Biharamulo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa wilayani humo. Walihesabiwa wagonjwa 10, yaani 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliodhaniwa kuwa nao, wote walifariki. Kwa kuwa hakukuwa na chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa, kinga ya mhudumu katika ugonjwa wa namna hii hutegemea zaidi kufuata maelekezo.

Hatari kubwa haiko katika kuvaa vifaa kinga bali katika kuvivua, maana upande wa nje huenda umechafuliwa. Kwa hiyo hatua huandikwa ukutani, na mwenzake mhudumu humsimamia akizitaja moja moja. Hatua moja haianzi kabla ya ile iliyotangulia kukamilika. Vivyo hivyo kwa maji ya klorini: ya kunawia mikono ni asilimia 0.05, ya kusafishia sakafu na vyombo ni asilimia 0.5. Yakitamkwa haraka hukaribiana masikioni, ilhali moja ni kali mara 10 kuliko jingine. Ndiyo sababu ndoo huandikwa matumizi yake.

Hata kutangaza mwisho wa mlipuko kuna utaratibu wake. Husubiriwa siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo virusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025.