Bwana Jeevanjee, Mjenzi wa Nairobi

Habari za wageni waliokuja kujenga katika nchi zetu si habari za jana. Jina la Kafuro si geni kwetu watu wa Karagwe. Hapo, si mbali na Bweranyange palipokuwa makao ya Mukama Rumanyika, walikaa Waarabu wafanya biashara waliotoka pwani. Walijenga nyumba, wakaweka akiba ya nguo na shanga, wakanunua pembe za ndovu. Tena walikuwa na watumwa, na jambo hilo hatuwezi kulificha. Bwana Stanley alipopita nchi hii mwaka 1876 aliwakuta wamekwisha kutulia, na mmoja wao, jina lake Hamed Ibrahim, alikuwa na makao ya mtu tajiri. Walakini biashara ya misafara ilikwisha, na nyumba zile hazikugeuka kuwa mji.

Leo twataka kueleza habari za mgeni mwingine, ambaye nyumba zake ziligeuka kuwa mji. Jina lake ni Alibhai Mulla Jeevanjee, na mji wenyewe ni Nairobi. Pengine msomaji wa Murongo atauliza: Nairobi ni mbali, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, reli iliyomtajirisha bwana huyu ndiyo iliyogeuza njia za biashara za ziwa letu. Mto Kagera, utupitao hapa Murongo na kututenga na ndugu zetu wa Kikagati, humwaga maji yake katika ziwa hilo. Na reli ilipokwisha kufika Kisumu, mizigo mingi ya Bukoba, pamoja na kahawa, ilipita ziwani kwa meli na kushuka Mombasa kwa gari la moshi. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Maisha ya Bwana Jeevanjee yatufundisha jambo juu ya ardhi: kwamba kiwanja kilichotolewa kwa watu wote hakijilindi chenyewe.

Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Karachi, ambao siku zile ulikuwa katika India ya Waingereza, na tangu mwaka 1947 umo katika nchi ya Pakistan. Alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, watu wajulikanao sana kwa biashara. Hakusoma sana shuleni. Alitoka kwao angali kijana, akatafuta riziki katika miji mingine ya India. Hata mwaka 1886 akavuka bahari, akaenda Adelaide katika nchi ya Australia, akafanya biashara ya vitu vya mashariki. Mwaka 1890 akatia nanga Mombasa.

Siku zile nchi ya Kenya ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Kampuni ile ilitaka mafundi, vibarua na askari, nayo haikujua namna ya kuwapata upesi. Jeevanjee alijua. Akafanya nayo mapatano, akawaleta watu kutoka India. Hata Serikali ya Uingereza ilipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka 1896, yeye alikuwa tayari pale Mombasa, anajulikana, tena ana meli na ghala. Akapata kandarasi ya kuleta sehemu ya wafanya kazi wa kwanza, na kandarasi nyingine za vyakula, na za kuchimba na kujenga.

Hapa yatupasa kusimama kidogo. Mtu akisema kwamba fulani alijenga reli au mji, asisahau mikono iliyoshika sururu. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa kazi ya reli ile, na Waafrika wengi wakafanya kazi pamoja nao. Katika wale Wahindi, karibu 2,500 walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine huko Tsavo waliliwa na simba mwaka 1898. Maelfu walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Karibu 6,700 walibaki Afrika, wakawa wenye maduka, maseremala, waashi na makarani. Tajiri mmoja tunamjua kwa jina. Wale wengine majina yao hatuyajui.

Reli ilifika mahali paitwapo Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899. Jina hilo ni la Kimasai, maana yake maji ya baridi. Hapakuwa na mji. Palikuwa na nyika na bwawa, malisho ya ng'ombe wa Wamasai. Wenye reli walipaweka kituo kwa sababu ni tambarare, tena ni mwisho wa nchi iliyo sawa, kabla njia haijapanda milima ya Wakikuyu na kushuka Bonde la Ufa. Hema zikasimama, kisha vibanda vya mabati, kisha maduka. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na maofisa wakaliteketeza soko lote kwa moto ili kuikomesha.

Wengi walipotazama mahali pale waliona matope na maradhi. Bwana Jeevanjee aliona mji. Na hii ndiyo kazi ya mtu aendelezaye viwanja, ambayo twapenda kuieleza kwa maneno machache. Mtu huyo hununua ardhi ingali nafuu, kabla wengine hawajaitaka. Hujenga juu yake nyumba, ofisi, maduka au soko, kwa fedha zake au kwa mkopo. Kisha huzipangisha, na kodi za wapangaji humrudishia gharama mwaka kwa mwaka. Mji ukikua, kiwanja chake hupanda thamani hata akiwa amelala. Lakini thamani ile haitoki katika jasho lake peke yake. Hutoka katika reli iliyojengwa na wengine, na barabara, na watu wote wajao kununua na kuuza hapo.

Basi Jeevanjee alijenga ofisi na nyumba za Serikali, na majengo mengine akayapangisha. Alijenga maduka, akajenga na soko lililoitwa kwa jina lake. Mwaka 1902 alianzisha gazeti huko Mombasa, lililoitwa African Standard; mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza, nalo ndilo gazeti liitwalo leo The Standard. Meli zake zilisafiri kati ya India na Afrika. Katika miaka ile ya mwanzo wa karne hapakuwa na Mhindi aliyemshinda kwa jina katika nchi yote ya Kenya.

Lakini utajiri haukumfungulia kila mlango. Walowezi wa Kizungu walitaka nchi ya milima yenye baridi na rutuba iwe yao peke yao. Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alikubali katika mwaka 1906 na tena mwaka 1908 kwamba haifai kuwapa Wahindi mashamba katika milima ile. Hivyo yule aliyejenga ofisi za watawala hakuruhusiwa kupewa shamba karibu na mashamba yao. Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, wa kwanza asiye Mzungu. Lakini sauti moja katikati ya nyingi haikufua dafu. Mwaka 1914 Wahindi wa Afrika ya Mashariki walipounda chama chao cha kudai haki, Jeevanjee alikuwa miongoni mwa viongozi wake.

Twamsifu kwa ujasiri huo, na vilevile yatupasa kusema kosa lake, maana historia isiyotaja makosa ni ngonjera. Alipokwenda London mwaka 1910 alisema kwamba ingefaa nchi hii iunganishwe na Dola ya India, ili Wahindi waje kwa wingi kuilima na kuistawisha. Alilalamika kwamba Wazungu wanaigawanya nchi bila ya kuwahesabu Wahindi. Naye kwa maneno yale aliigawanya bila ya kuwahesabu Wamasai, Wakikuyu na wenyeji wengine wote. Wenyeji wale walinyang'anywa malisho na mashamba, na Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza lile, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee kuteuliwa. Aliyedhulumiwa si lazima aone dhuluma ya jirani yake. Hilo nalo ni la kujifunza, tena si kwa Wahindi tu.

Sasa tuje kwenye bustani. Katikati ya Nairobi Bwana Jeevanjee alikuwa na kiwanja kipatacho ekari 5. Angaliweza kujenga maduka juu yake na kula kodi yake. Badala yake alikifanya bustani, akaitoa kwa watu wa mji ili wapumzike. Ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, na mwaka 1906 mwana wa malkia, Mtawala wa Connaught, akaifunua alipopita Nairobi. Bila shaka alitaka pia kuwaonyesha Waingereza utii wake na kupata heshima machoni pao. Nia za wanadamu huchanganyika, na Mungu ndiye azijuaye. Lakini zawadi ilikuwa zawadi.

Miaka ikapita. Biashara zake zikashuka, mali ikapungua sana, hata alipofariki huko Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1936, mwenye umri wa miaka 80, hakuwa tena tajiri yule wa zamani. Twamkumbuka yule tajiri wa Injili aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, na usiku ule ule akaitwa. Majumba ya Jeevanjee yaliingia katika mikono ya wengine. Kile alichokitoa ndicho kilichobaki na jina lake: hata leo mahali pale paitwa Bustani ya Jeevanjee.

Walakini nusura nacho kipotee. Nairobi ilikuwa imekua, na ekari 5 katikati ya mji mkubwa ni mali ya kutamanisha. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuichukua bustani ile na kujenga juu yake jumba kubwa la kuwekea magari pamoja na maduka. Mzee Jeevanjee alikuwa kaburini miaka 55. Hakuweza kusema neno. Aliyesema ni mjukuu wake, Bibi Zarina Patel. Aliandika, akaita watu, akawaeleza kwamba bustani ile ilitolewa kwa ajili ya watu wote. Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa amekwisha kupinga mwaka 1989 ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru, akamwunga mkono, na raia wengi wakasimama pamoja nao. Mpango ukaachwa.

Mwaka 2015 sanamu ya malkia ilivunjwa, kichwa kikang'olewa. Lakini bustani yenyewe ipo. Wakati wa mchana makarani na vibarua hukaa chini ya miti kupumzika, na wahubiri husimama wakitangaza Neno. Hakuna awatozaye kodi. Mtu asiye na shilingi mfukoni anayo haki ya kukaa kivulini, katikati ya mji ambamo kila hatua ya ardhi ina bei yake.

Ndugu zetu wa Murongo na wa vijiji vyote vya Karagwe na Kyerwa, mwaona maana ya habari hizi. Kwetu pia ardhi yapanda thamani. Palipo na mpaka na njia ya kuvukia mto, wafanya biashara huja, na nyumba za mabati huongezeka. Hilo si baya. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika vijiji vyetu viko viwanja vilivyotolewa na wazee wetu kwa ajili ya wote: kiwanja cha shule, cha kanisa, cha soko, cha makaburi, na njia ya kuwapeleka ng'ombe majini. Wazee wengi walivitoa kwa neno la kinywa mbele ya mashahidi, wakapanda miramula mipakani, ikawa imekwisha. Mashahidi wale wanakufa mmoja mmoja, na mramula hung'oka kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo twawashauri mambo matatu. Zawadi ya ardhi iandikwe, itiwe sahihi na mashahidi, na nakala zikae mahali pawili au zaidi. Mipaka ipimwe na kusajiliwa katika ofisi ya ardhi ya wilaya, maana karatasi ya nyumbani peke yake haitoshi. Na watoto wafundishwe historia ya viwanja vile: nani alitoa, mwaka gani, na kwa kusudi gani. Bustani ya Nairobi isingalipona kama asingalikuwapo mtu aliyeijua habari yake na kuthubutu kuisema mbele ya wakubwa. Kila kijiji na kiwe na watu wa namna hiyo, nao waanze kuwauliza wazee sasa, wangali hai.