Kwa nini tunasita kutoa msaada, ilhali harusi tunachanga?

Mkazi wa Mpanda akipewa kadi ya mchango wa harusi ya shilingi 50,000 atanung'unika, kisha atalipa. Jioni hiyohiyo akisikia redioni ombi la kumchangia mgonjwa anayepelekwa Bugando, Mwanza, hata shilingi 1,000 haitoki. Je, ni bahili? Mbona harusi ametoa?

Tuitazame harusi. Ina kamati anayoifahamu, kiwango na tarehe ya mwisho. Mweka hazina anampigia simu, jina lake liko kwenye daftari, na kesho naye atachangiwa. Ombi la redioni halina hata kimoja kati ya hayo. Tena halina kiwango, kwa hiyo mwenye elfu moja anaona aibu kuituma, anaiacha.

Lipo na jingine. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walifanya jaribio: mtu alisikia kwa kipaza sauti mwenzake wa chumba kingine akishikwa na kifafa (ilikuwa maigizo, hakujua). Walioamini kuwa ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Sasa msikilizaji wa redio siku zote anajua kuna wengine wanaosikia.

Takwimu nazo hazisaidii kama tunavyodhani. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha utafiti kuhusu watu waliopewa dola 5 na kuombwa wachangie wenye njaa Afrika. Waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali, Rokia, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za mamilioni walitoa 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu walishuka hadi 1.43.

Lakini kwetu sababu nzito kuliko zote ni imani. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililoua watu wasiopungua 17, Watanzania walichanga. Mwezi huohuo Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina sawa na ile ya maafa. Habari ya namna hiyo mtu haisahau upesi. Anayesita baada ya hapo ana sababu.

Ndiyo maana wasikilizaji wengi hulitazama kwanza jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala, au huuliza kama ipo barua ya hospitali au ya serikali ya mtaa. Hayo maswali ni halali kabisa. Na sisi watangazaji tuna kosa letu: ombi tunalisoma asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima, lakini ni mara chache tunarudi hewani kusema kilipatikana kiasi gani, na kama mgonjwa alifika Mwanza.