Nenosiri, nywila, namba ya siri

nenosiri nm ma- [li-/ya-] mfuatano wa herufi, tarakimu au alama ambao mtumiaji huuingiza ili kuthibitisha kwamba kompyuta au akaunti ni yake: *Nenosiri lako limebadilishwa.*

Neno hili limeungwa kwa nomino mbili bila kihusishi, kama *isimujamii*. Upatanisho hufuata *neno*, si *siri*. Kwa hiyo *nenosiri langu*, wingi *manenosiri yangu*. *Nenosiri yako*, linaloonekana katika baadhi ya programu zilizotafsiriwa kwa haraka, ni kosa.

Nywila [i-/zi-] hutajwa kuwa kisawe chake. Kimaana ni kweli. Kimatumizi nina shaka. Katika steshenari moja ya Endamarariek, wilayani Karatu, ambako wengi huanza na Kiiraqw nyumbani, nilimsikia mhudumu akimwuliza kijana aliyekuja kuomba mkopo wa masomo: “Nywila yako?” Kijana alinyamaza. Mhudumu akamchagulia mwenyewe, jina na mwaka wa kuzaliwa, akaandika katika daftari lililojaa za wateja wengine. Mteja aliyefuata aliulizwa neno la siri; akasogea karibu na kibodi, akaifunika kwa kiganja na kuandika mwenyewe. Umbo la *nywila* halimwambii mgeni chochote, ilhali *nenosiri* limebeba onyo lake ndani. Mfasiri wa maelezo ya usalama atangulize *nenosiri*, na akiikuta *nywila* katika matini chanzi asiiache bila ufafanuzi.

Namba ya siri (Kenya: *nambari ya siri*) ni ya tarakimu pekee. Watanzania wengi waliizoea kupitia huduma za fedha za simu, kama M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008. Isitumiwe kwa maana ya *nenosiri*, kwa kuwa anayeambiwa aweke “namba” ataweka namba. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000 tu. Katika simu hilo huvumilika, maana huduma hujifunga baada ya majaribio machache. Lakini aliyeiba faili la kompyuta anaweza kuijaribu michanganyiko yote kwa muda mfupi sana, bila wa kumzuia.

Wadukuzi nao wana kamusi. Programu zao hujaribu orodha ndefu za maneno, kwa hiyo kidahizo kimoja, hata kiwe adimu namna gani, si siri. Methali pia haifai: atakayeotea *haba na haba* hahitaji kuambiwa kinachofuata. Afadhali maneno manne au matano yasiyozoeana kabisa, mathalani *mbaazi turubai shemeji kifutio* (mfano huu nao, ukishachapishwa hapa, haufai tena). Kila akaunti iwe na nenosiri lake. Na panapowezekana, uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe.

Kuhusu vitenzi: nenosiri *huingizwa* au *huwekwa*, *hubadilishwa*, *husahauliwa*. Likijulikana kwa wengine, *limevuja*. Anayelitumia bila idhini *anadukua* akaunti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huhesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Anayemlaghai mwenyewe hadi alitaje *anahadaa*, wala hahitaji utaalamu wowote wa kompyuta.

Taz. pia dukua, hadaa, kirusi.